Kobe wa Mkebe Mwenye Macho Mawili

WATU wengi humu nchini wakisikia neno "roboti" hufikiria nchi za mbali. Hufikiria viwanda vya magari vya Japani, ambamo mikono ya chuma huchomelea mabati usiku kucha bila kuchoka, au sinema za Marekani ambamo mtu wa bati hutembea akiwaua watu barabarani. Ni wachache mno wanaofikiria mkebe wa Kimbo, mawe mawili ya tochi na mota iliyong'olewa katika mashine ya DVD iliyokufa. Lakini roboti za mikebe zipo, tena zina historia yake, na baadhi ya walioziunda walikuwa wanasayansi wenye sifa kubwa. Hizo ndizo ninazotaka kuzungumza na msomaji juu yake leo.

Kwanza neno lenyewe. Lilizaliwa katika mchezo wa kuigiza ulioandikwa na Karel Čapek, mwandishi wa nchi iliyokuwa ikiitwa Chekoslovakia, uliochapishwa mwaka wa 1920 na kuonyeshwa jukwaani mjini Prague mwaka uliofuata. Čapek alikuwa akitafuta jina la kuwaita watumishi wake wa kubuni, naye ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyempa neno hilo. Lilitokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya lazima ambayo maskini walimfanyia bwana mwenye shamba bila ujira. Sisi Waswahili hatuhitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo, kwani wazee wetu walikuwa na neno lake hasa: shokoa. Kwa hiyo roboti, ukilitafsiri jina lake sawasawa, ni mtu wa shokoa. Na katika mchezo huo watu wa shokoa waliasi, wakawaangamiza mabwana wao. Si ajabu basi kwamba hadi leo jina hilo lina harufu ya hofu.

Roboti ya mkebe haina hofu hiyo. Haimfanyii mtu kazi yoyote. Haifui, haipiki, haichomelei. Hutembea sakafuni ikitafuta mwanga, na ikigonga mguu wa meza hukaa hapo ikinguruma mpaka mtu aihurumie. Mtu atauliza, basi faida yake ni nini? Nami kabla ya kumjibu ningependa kumpeleka Uingereza, katika mji wa Bristol, mwaka wa 1948.

Huko kulikuwa na mtaalamu wa ubongo aitwaye Grey Walter, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya Burden. Kazi yake rasmi ilikuwa kupima mawimbi ya umeme yatokayo katika vichwa vya watu, hasa wagonjwa wa kifafa. Lakini alikuwa na swali lililomsumbua: je, ubongo una akili kwa sababu una chembe nyingi mno, au ni kwa sababu ya jinsi chembe hizo zilivyounganishwa? Ili kulijibu, yeye na mke wake Vivian Dovey walianza kuunda wanyama wadogo wa chuma. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha juzijuzi, na vifaa vya jeshi vilivyobaki vilikuwa vikiuzwa kwa bei rahisi. Meno ya gia waliyapata katika saa mbovu na mita za gesi. Kufikia mwaka wa 1949 walikuwa na wanyama wawili, Elmer na Elsie, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na gamba mgongoni na alitambaa polepole, watu wakawaita kobe.

Ndani ya kila kobe mlikuwa na chembe mbili tu za "ubongo", yaani valvu mbili za redio za wakati ule. Alikuwa na magurudumu matatu, mota moja ya kumsukuma, mota nyingine ya kumgeuza, jicho moja la umeme, na gamba lililoning'inizwa kwa namna ambayo likigusa kitu chochote, kobe hujua kwamba amegongana. Jicho lilifungwa pamoja na usukani, hivi kwamba gurudumu la mbele likizunguka, nalo jicho huzunguka likitazama pande zote kama mtu aliyepotea sokoni. Likiona mwanga wa kiasi, usukani husimama na kobe huelekea huko. Mwanga ukiwa mkali kupita kiasi, kobe huukwepa, akazungukazunguka kwa mbali.

Jambo lililowashangaza watu lilikuwa hili. Betri ilipoanza kudhoofika, jicho nalo lilipungua ukali wake, na ule mwanga mkali uliokuwa ukimfukuza kobe ukawa sasa unamvuta. Walter alikuwa amejenga kibanda chenye taa kali na nyaya za kujazia betri. Kwa hiyo kobe mwenye njaa aliingia kibandani mwenyewe, akala umeme akashiba, kisha akauona mwanga kuwa mkali tena na kutoka kwenda kutembea. Hakuna mtu aliyemwamuru. Hakukuwa na mahali popote ndani yake palipoandikwa "ukisikia njaa rudi nyumbani".

Kobe wa namna hiyo walionyeshwa kwa umma katika maonyesho makubwa ya taifa la Uingereza mwaka wa 1951. Watazamaji waliapa kwamba wanyama wale walikuwa na hisia. Kulikuwa na taa ndogo usoni mwa kobe iliyowaka usukani ulipozunguka na kuzimika ulipotulia. Alipowekwa mbele ya kioo, aliona taa yake mwenyewe, akatulia, taa ikazimika, akaanza kutafuta tena, taa ikawaka, akaiona tena. Ikawa anachezacheza mbele ya kioo kama msichana aliyevaa kanga mpya siku ya Idi. Walter aliandika kwamba mnyama halisi akionekana akifanya hivyo, watu wangesema kwamba anajitambua. Sijui kama alikuwa akifanya mzaha. Nadhani nusu yake ilikuwa mzaha.

Baada yake alikuja Valentino Braitenberg, naye pia mtaalamu wa ubongo, aliyezaliwa Italia na kufanya kazi Ujerumani. Mwaka wa 1984 alitoa kitabu chembamba juu ya vigari vya kuwazwa tu, ambavyo yeye mwenyewe aliridhika kuvichora karatasini. Nakitaja kwa sababu ya jambo moja lililomo humo, ambalo mtoto wa darasa la tano anaweza kulifanya mezani.

Chukua kigari chenye magurudumu mawili, kila gurudumu na mota yake. Kipe macho mawili, la kushoto na la kulia. Jicho likipata mwanga mwingi, hupeleka umeme mwingi kwa mota. Sasa, ukiunganisha jicho la kushoto na mota ya kushoto, na la kulia na ya kulia, mwanga ukitokea kushoto gurudumu la kushoto litakimbia zaidi, na kigari kitageukia kulia: kitaukimbia mwanga kama mende anavyokimbia taa ya jikoni. Lakini ukizipishanisha nyaya, jicho la kushoto likaenda mota ya kulia na la kulia likaenda ya kushoto, kigari kitageukia mwanga na kuuparamia kwa hasira. Vitu ni vilevile. Hukuongeza wala kupunguza. Umehamisha nyaya mbili tu, na mwoga amekuwa shujaa.

Hili nililisoma, nikaliamini, lakini kusoma ni jambo moja na kuona ni jingine. Basi nikaamua kukiunda kigari hicho pamoja na mpwa wangu, msichana wa miaka 11, ambaye likizo ya Agosti ilikuwa imemchosha yeye na mama yake pia.

Tulianzia kwa fundi mmoja katika barabara ya Luthuli, jijini Nairobi. Anayeijua barabara hiyo anajua kelele zake: spika zinazoshindana kila mlango, vijana wakikuvuta mkono wakuonyeshe televisheni. Fundi wetu hana duka. Ana meza, mwavuli, na sanduku la vitu ambavyo wenyewe wamekata tamaa navyo. Nilimwambia nataka mota mbili za kaseti, kwa kuwa katika ujana wangu ndizo tulizojua. Akatikisa kichwa.

"Mota ya kaseti ina akili yake ndani, mzee," akasema. "Imewekewa kitu cha kuizuia isikimbie, wimbo usije ukaharakishwa. Ukiipa mawe mawili haitaki kuamka. Na ukiigeuza nyaya izunguke upande wa pili, itakukatalia. Chukua ya DVD. Hiyo ni mota mjinga, inafanya unavyoiambia."

Alipasua mashine moja ya DVD mbele yetu kwa bisibisi moja tu. Mle ndani, akatuonyesha, mna mota tatu: moja huizungusha sahani, moja husogeza jicho linaloisoma, na ya tatu hutoa na kurudisha kile kisinia. Alitupa mbili za kwanza. Macho tuliyapata katika swichi mbili mbovu za zile taa za usalama zinazojiwasha zenyewe magharibi. Ni kidude kidogo cha duara chenye mstari mwembamba uliojipinda kama nyoka usoni. Gizani hukataa kupitisha umeme, na kadiri kinavyomulikwa ndivyo kinavyoupitisha. Mafundi hukiita LDR. Transista mbili akazifyonza risasi kutoka katika bodi ya amplifaya. Alipomwona mpwa wangu akiandika kila kitu katika daftari, alimwongeza kipande cha waya wa risasi ya kulehemu bila kutoza senti.

Kwa msomaji atakayetaka kujaribu, mambo ni haya. Mawe mawili ya tochi huunganishwa kwa mfuatano, yawe volti tatu. Mguu mmoja wa LDR huenda upande wa chanya, na wa pili huenda katika mguu wa transista uitwao besi. Mota hukaa kati ya chanya na mguu uitwao kolekta. Mguu wa mwisho, emita, huenda upande wa hasi. Huo ndio upande mmoja wa mnyama. Upande wa pili ni vivyo hivyo. Kazi ya transista ni kama ya mlinzi wa lango: umeme kidogo unaotoka katika jicho humwamuru afungue, naye huachilia umeme mwingi upite kwenda katika mota. Jicho peke yake halina nguvu ya kuzungusha kitu.

Magurudumu ndiyo yaliyonipa taabu ya kufikiri, kwani mota hizo huzunguka kwa kasi mno, na gia hatukuwa nazo. Lakini wapenzi wa mchezo huu walikwisha kupata ujanja zamani. Kuna Mkanada mmoja, Mark Tilden, ambaye tangu mwaka wa 1989 alikuwa akiunda vidudu vya namna hii kutokana na redio za mfukoni zilizotupwa, naye na wafuasi wake hawakujali magurudumu. (Baadaye, mwaka wa 2004, roboti ya kuchezea aliyoibuni, Robosapien, iliuzwa kwa mamilioni.) Ujanja wenyewe ni kuifunga mota ikiwa imeinama, ncha ya ekseli yake ikiguse sakafu. Ncha hiyo nyembamba ndiyo gurudumu. Sisi tuliivalisha mpira mwembamba uliokatwa katika tyubu ya baiskeli ili isiteleze. Mbele tukaweka shanga kubwa iburuzike kama mguu wa tatu, na juu tukafunika kwa kitako cha mkebe wa Kimbo kilichokatwa kwa mkasi wa bati. Kobe akapata gamba lake.

Tulimweka varandani saa nne za asubuhi. Alitetemeka, akazunguka nusu duara, kisha akanyooka kuelekea kwenye jua kama aliyeitwa jina lake. Mpwa wangu alipiga kelele iliyowatoa majirani nje. Tulipomweka kivulini akasimama kimya. Tulipommulika kwa tochi, akamfuata mwenye tochi.

"Mjomba, anaona?" aliniuliza.

Nikamwambia anapata mwanga, na kuona ni jambo kubwa zaidi.

"Mimi je? Mimi nikiona si ni mwanga pia?"

Swali hilo halina tofauti na lile lililomkalisha Grey Walter usiku kucha kule Bristol, nami sikuwa na jibu zuri kuliko lake. Ila yeye mtoto hakungoja jibu. Aliingia ndani, akarudi na chuma cha kulehemu, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amezihamisha nyaya mbili. Kobe yuleyule sasa alilikimbia jua, akajificha chini ya kiti cha bibi yake na kukataa kutoka. Nilikuwa nimemweleza habari za kupishanisha nyaya siku mbili kabla, naye alikuwa ameitikia kwa kichwa tu kama watoto waitikiavyo darasani. Alizielewa alipomwona kobe akitimua mbio.

Basi hiyo ndiyo faida, kwa yule aliyeuliza.

Wala mchezo huu haukuja kwetu na ndege. Mtu yeyote aliyekulia shambani katika nchi hii amewahi kuona gari la waya, kama hakuliunda mwenyewe. Nyaya zinatoka katika ua wa jirani, magurudumu ni ndara zilizokwisha au vifuniko vya mikebe, na usukani ni waya mrefu unaofika kifuani ili dereva aendeshe akiwa anakimbia. Watoto wa Malawi huyaita magari hayo galimoto. Ukilitazama kwa makini, lile gari lina ekseli, lina chasisi, na gurudumu la mbele hugeuka kweli usukani ukigeuzwa. Mtoto wa miaka minane aliyeunda kitu hicho amekwisha kutatua mambo ambayo mwanafunzi wa chuo hupewa kama mtihani. Nasi huwa tunamfanya nini? Tunamwita aache upuuzi aje kusoma.

Na akiifungua redio ya baba yake, hapo ni kiboko. Kijiji nilichokulia kulikuwa na mvulana aliyechapwa hadi akalala kwa jirani kwa sababu ya redio moja, ambayo aliifungua ili aone mtu anayesoma habari amekaa wapi. Sikatai kwamba redio ilikuwa mali. Mwaka ule ilikuwa mali kubwa. Lakini siku hizi kila nyumba ina simu tatu zilizokufa ndani ya droo, na bado mtoto akikamata bisibisi mama anaruka. Mpe ile iliyokufa!

Kisa kinachosimuliwa mara nyingi katika habari hizi ni cha William Kamkwamba wa Malawi, nami nakirudia kwa sababu nadhani kimekuwa kikisimuliwa vibaya. Baada ya njaa kubwa ya mwaka wa 2001 na 2002, wazazi wake, waliokuwa wakulima katika eneo la Wimbe karibu na Kasungu, walishindwa kumlipia karo ya sekondari. Alikuwa na miaka 14. Akawa akienda katika maktaba ndogo ya shule ya msingi, na humo akakuta kitabu cha Kiingereza juu ya nishati, chenye picha ya mitambo ya upepo. Akaamua kuunda mmoja. Alitumia fremu ya baiskeli, feni ya trekta, kifyonza mshtuko, mabomba ya plastiki aliyoyapasua na kuyanyoosha kwa moto yawe mapanga, na mnara wa miti ya mikaratusi wenye urefu wa mita tano hivi. Wanakijiji walidhani amerukwa na akili. Siku balbu ilipowaka waliacha kucheka. Mwezi wa Juni 2007 alialikwa kuzungumza katika mkutano wa kimataifa wa TED uliofanyika Arusha, hapo jirani, na dunia ikamjua. Mwaka wa 2009 kitabu juu ya maisha yake kikatoka, na mwaka wa 2019 ikafuata sinema.

Magazeti husimulia kisa hicho kama kwamba kijana alikaa peke yake jalalani hadi malaika akamshukia. Lakini yeye mwenyewe amesimulia vizuri zaidi. Bila maktaba, kitabu hakingekuwepo. Dainamo ya baiskeli, ambayo ndiyo moyo wa mtambo wote, ilinunuliwa na rafiki yake, mtoto wa chifu, kwa pesa zake mwenyewe. Fundi wa kuchomelea alilipwa kwa pesa za vibarua. Na mtambo ulipoanza kufanya kazi, kijana hakusherehekea na kulala. Nyaya zilipogusana akaona hatari ya moto katika nyumba ya nyasi, akaunda kikata umeme kwa misumari miwili iliyozungushiwa waya na sumaku katikati yake, wazo alilolitoa kitabuni katika mchoro wa kengele ya umeme. Swichi za taa alizitengeneza kwa mpira wa ndara. Mimi nikiulizwa ni kipi kikubwa kati ya mnara na kile kikata umeme, nitasema kikata umeme. Mnara ni ndoto; kile kingine ni uhandisi.

Hapa nina neno na waandishi wenzangu. Kila baada ya miezi michache husoma katika magazeti yetu habari ya kijana wa mahali fulani "aliyevumbua" ndege, au mkono bandia, au gari lisilotumia mafuta. Picha yake huwekwa akitabasamu kando ya mtambo wake, mkuu fulani huahidi kumsaidia, na habari yake huishia hapo. Hakuna anayerudi baada ya mwaka kuuliza ndege iliruka au haikuruka, na kama haikuruka, injini ilipungukiwa na nini. Kumwuliza fundi maswali ya fundi ndiko kumheshimu. Kumsifu kisha kumsahau ni kumfanya kichekesho cha Jumapili.

Wenye kuheshimiana kwa namna hiyo ni mafundi wenyewe. Nenda Kamukunji asubuhi, pale nyundo zinapoanza. Utamwona mmoja akikata bati la pipa, mwenzake akilikunja, wa tatu akilitia mpini, na ubishi haukatiki: hili jembamba, hili halina pembe. Mwaka wa 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani juu ya Kenya ndiyo iliyowafanya wataalamu wa uchumi ulimwenguni waanze kulijali kundi hili, na mwaka wa 1985 Rais Moi aliwatembelea na kuamuru wajengewe vibanda vya kuwakinga na hilo jua kali lililowapa jina. Jiko la makaa lenye udongo wa kuchomwa ndani, ambalo leo limo katika nyumba nyingi mijini, lilitokana na mfano wa Thailand. Lakini waliolipunguza kiuno, wakalibadili umbo likasimama imara chini ya sufuria ya ugali na kuwa jiko la Kenya, ni mafundi wa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980 pamoja na wataalamu waliokubali kukaa nao kitako. Uvumbuzi mwingi wa kweli ni wa namna hiyo. Hauna tarehe wala mwenyewe.

Wapo pia walioendelea mbele. Mwaka wa 2013 mjini Kinshasa, mhandisi mwanamke, Thérèse Izay, na wenzake walisimamisha njia panda roboti za kuongoza magari, zenye urefu wa mita mbili na nusu, zilizotengenezwa kwa alumini na kupata nguvu kutoka kwa jua. Huku kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na karakana yake ya uvumbuzi na mwaka wa 2010 kikawakaribisha wabunifu wa mikono kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Vijana wa leo wana bodi ndogo iitwayo Arduino, iliyoanzia Italia mwaka wa 2005, ambayo unaweza kuifundisha kwa kompyuta ikatawala mota na taa. Sina ugomvi nayo. Ila ningemshauri mtoto aanze na kobe asiye na bodi, kwa sababu kwa kobe huyo kila kitu kiko wazi, unaweza kukifuata kwa kidole kutoka jicho hadi gurudumu.

Shuleni je? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 tuliambiwa kila mtoto atatoka na ufundi mkononi. Karakana nyingi hazikujengwa, na baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Sasa kuna mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka wa 2017, nao umerudisha kazi za mikono. Nia ni njema. Lakini nimewaona wazazi wakihangaika saa tatu za usiku wakitafuta gundi na katoni, mtoto amelala, baba ndiye anayeunda gari la kupelekwa kwa mwalimu kesho. Gari likipendeza mno, mwalimu anajua, anatoa alama vivyo hivyo. Mtoto amejifunza kwamba vitu huundwa na wengine.

Na kuna hatari ambazo ni lazima nizitaje, kwa maana sitaki mzazi anilaumu. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme mwaka wa 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyoandikishwa kuwa imekusanywa na kushughulikiwa ipasavyo. Katika majalala yetu wapo wavulana wanaochoma nyaya ili wapate shaba. Moshi ule ni sumu, na huo si mchezo ninaouzungumzia. Televisheni za zamani zenye kioo kinene cha tumboni zisiguswe na mtoto kabisa, kwani huweka umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Kitu chochote kinachochomekwa ukutani kifunguliwe na fundi. Betri za simu zilizovimba zisitobolewe. Risasi ya kulehemu ina madini mabaya, kwa hiyo mikono ioshwe kabla ya kula, na dirisha liwe wazi. Mawe mawili ya tochi, kwa upande wao, hayana umeme wa kumwua mtu.

Nilipita tena kwa yule fundi wa Luthuli wiki iliyopita. Mpwa wangu alikuwa amenituma mota nyingine, kwani anataka kuunda mlango wa banda la kuku utakaojifunga giza likiingia, na ile moja iliyobaki haina nguvu ya kuvuta ubao. Fundi alifikiri, akaniuzia mota ya kioo cha mlango wa gari, ambayo inataka betri ya gari, volti 12. Kuhusu zile za DVD akasema niwahi nikizitaka, kwa kuwa watu siku hizi hutazama sinema katika simu na mashine hizo haziletwi tena kutengenezwa kama zamani. Sandukuni alikuwa amebakiwa na nne.